Alikosea Bila Kujua: Tumtoze Nini?

Hotuba hii ilitolewa Moshi, jioni ya kuamkia mashindano ya wanachama, mbele ya wachezaji, makedi (wabeba mifuko ya fimbo), wazazi na vijana wanaojifunza gofu. Tunaiweka yote kwa ajili ya wale ambao hawakufika.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zetu, dada zangu, kaka zangu, habari za jioni. Makedi, ninyi ambao msipokuja kesho hakuna atakayeanza, sogeeni mbele, viti vipo. Na ninyi vijana mliokaa mlangoni kama watu wanaotaka kutoroka, nawaona.

Mwenyekiti amenipa dakika ishirini. Ananifahamu vizuri, ndiyo maana ameweka saa mezani.

Niwapeleke mbali kidogo. Julai 2025, Royal Portrush, Ireland ya Kaskazini, mashindano ya The Open, mojawapo ya makubwa kabisa ya gofu duniani. Shane Lowry yuko shimo la 12 kati ya 18, raundi ya pili. Huyu ni mtu aliyetwaa kombe hilohilo, katika uwanja huohuo, mwaka 2019. Anapunga fimbo kujaribu, kama tunavyofanya sote. Mpira unasogea kidogo sana pale kwenye nyasi. Yeye haoni. Anaupiga, anaendelea na safari yake. Mashimo machache mbele waamuzi wanamfikia: kamera imeona, na adhabu ni mikwaju miwili, yaani mapigo mawili yanaongezwa kwenye hesabu yake, na katika gofu mwenye machache ndiye mshindi.

Kwa nini miwili? Kwa sababu ukiusogeza mpira kwa bahati mbaya, ukaona, ukaurudisha mahali pake, unalipa mmoja. Yeye hakuona, kwa hiyo hakuurudisha. Akaupiga pale ulipohamia, na hilo ni kosa la kupigia mahali pasipo pake.

Sikieni tena hapo. Aliyeona analipa mmoja. Asiyeona analipa miwili.

Je, hiyo ni haki? Tunyooshe mikono. Wanaosema ni haki? Naam, naona meza ya wazee. Wanaosema si haki? Ahaa! Makedi wote, na karibu nusu ya akina mama. Sasa angalau najua nimesimama mbele ya watu gani.

Lowry hakugoma. Alisema hakuona mpira ukisogea, akakubali adhabu, na akaeleza kwamba hakutaka kubishana halafu usiku mitandao ya kijamii imseme kuwa ni mdanganyifu. Yaani mtu mzima, bingwa, anakubali kutozwa kwa jambo ambalo macho yake hayakuliona, ili jina lake lisichafuke. Tulikumbuke hilo.

Ndugu zangu, mimi riziki yangu naipata mahakamani. Kule swali la kwanza ni nia. Kanuni yetu ya Adhabu, Sura ya 16, inatenganisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia. Kwa lile la kwanza hukumu ni kunyongwa hadi kufa. Kwa la pili jaji anapima, na anaweza kutoa kifungo cha muda mfupi kabisa au kirefu mno. Maiti ni mmoja, msiba ni uleule, kilichotofautisha ni kilichokuwa moyoni mwa mshtakiwa. Ndiyo maana nilipoanza kusoma kanuni za gofu nilikasirika. Nikasema, hawa watu hawaulizi nia? Mpira umesogea kwa upepo wa fimbo yangu, sikutaka, sikufaidika, halafu mnaniandikia mkwaju?

Leo sikasiriki tena kwa hilo. Nakasirikia mengine, na nitayataja. Lakini kwa hilo nimeelewa.

Fikirini kesho asubuhi. Vikundi vinatoka kimoja baada ya kingine. Kamati ina watu wangapi wa kuvifuata? Hata kiganja hakijai. Mpira wako umelala juu ya mzizi, unapanga miguu, unasogea na kutua kwenye nyasi laini. Nani kaona? Wewe, kedi wako na Mungu. Tukiweka kanuni kwamba asiyekusudia halipi, kesho jioni tutakuwa na kadi za alama mezani na hakuna hata mmoja aliyekusudia kitu. Sisemi watu wetu ni waongo. Nasema mtu mwenye njaa ya ushindi huanza kwa kujidanganya mwenyewe, na akishajiridhisha, anaapa kwa dhati kabisa.

Huku kwetu mlimani, ng'ombe wako akikata kamba usiku na kubomoa mfereji, asubuhi unachukua jembe unakwenda kuuziba. Hukumtuma ng'ombe. Hakuna jirani anayekuita mwizi wa maji. Lakini huwezi kukaa barazani ukisema sikukusudia huku migomba ya wenzako inakauka. Mkwaju mmoja wa adhabu katika gofu ni hilo jembe. Umevuruga, rekebisha, endelea. Hukumu juu ya tabia yako haimo humo.

Kwa hiyo mimi siulizi kama mchezaji alikusudia. Nauliza mawili: alipata nini, na aliambiwa lini? Nipe majibu ya hayo mawili nikwambie kama ametendewa haki.

Tuanze na la kwanza. Alipata nini?

Mwaka 2010, Hilton Head, jimbo la South Carolina, Marekani. Brian Davis, Mwingereza, hajawahi kushinda hata shindano moja la PGA Tour, ile ligi kuu ya gofu ya kulipwa ya Marekani. Siku hiyo amelingana na Jim Furyk na wanaingia shimo la ziada la kumpata mshindi. Mpira wa Davis unatoka nje ya grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye kitundu, unaangukia upande wa ufukweni kwenye mabua na takataka za bahari. Anapiga, anautoa vizuri. Halafu, kabla mtu yeyote hajasema neno, anamwita mwamuzi. Anasema: nadhani fimbo yangu ilipokuwa inarudi nyuma imegusa bua moja. Wanakwenda kwenye picha. Kwa mwendo wa kawaida huoni kitu. Wakapunguza mwendo, kweli, bua limetikisika. Mikwaju miwili. Furyk anachukua kombe na zaidi ya dola milioni moja. Davis anachukua dola 615,600.

Alipata nini kwa kugusa lile bua? Hakupata chochote. Mpira haukusogea. Njia haikusafishwa. Bua lilikuwa limekufa, halina hata mzizi. Kanuni ya wakati huo ilikataza kugusa vitu vya aina hiyo mahali pale, basi.

Na sasa nisikilizeni wazee wa meza ile mliosema ni haki. Tarehe 1 Januari 2019 kanuni za gofu ziliandikwa upya, zikapunguzwa kutoka 34 hadi 24. Na kile alichofanya Davis, leo si kosa. Unaweza hata kuliokota hilo bua kwa mkono ukalitupa pembeni, mradi mpira wako usitikisike. Davis hakuwahi kushinda kombe la PGA Tour. Kanuni ilibadilika, kombe halikurudi.

Siyo yeye peke yake. T.C. Chen wa Taiwan, US Open ya 1985, mashindano makubwa ya Marekani, uwanja wa Oakland Hills. Raundi ya mwisho anaongoza kwa mikwaju minne. Shimo la tano, nyasi ndefu, anapiga mpira mfupi wa kuinua, fimbo inaugonga mara mbili katika pigo lilelile, mara ya pili ukiwa hewani. Nawaulizeni makedi, kuna mtu anayeweza kufanya hivyo kwa makusudi? Hata ukimlipa hawezi. Akaongezewa mkwaju, shimo likamla mikwaju minane, na mwisho wa siku akapoteza ubingwa kwa Andy North kwa mkwaju mmoja. Adhabu ya kugonga mara mbili kwa bahati mbaya ilifutwa 2019. Miaka 34 baadaye! Hesabuni wangapi waliilipa kati ya hapo.

Sasa msije mkanielewa vibaya. Si kila anayesema "sikujua" ni mtu wa ajali. Mwaka huohuo wa 2010, PGA Championship, Whistling Straits, Wisconsin. Dustin Johnson anaongoza kwa mkwaju mmoja akiwa shimo la mwisho. Mpira wake unatua kwenye kipande cha mchanga kilichokanyagwa na watazamaji mpaka kinaonekana kama njia ya mbuzi. Anaweka fimbo chini nyuma ya mpira, anapiga. Anamaliza akidhani anaingia mchezo wa ziada. Anaambiwa: lile lilikuwa banka, yaani shimo la mchanga la kumtega mchezaji, na kwenye banka huruhusiwi kutuliza fimbo mchangani. Mikwaju miwili. Akatoka kwenye kundi la wanaogombea kombe, wakabaki Martin Kaymer na Bubba Watson, na Kaymer akashinda.

Watu walimlilia sana. Mimi sikulia. Wachezaji walikuwa wamebandikiwa tangazo kwamba kila kipande cha mchanga uwanjani hapo ni banka, hata kile kilichokanyagwa na watazamaji. Na kutuliza fimbo nyuma ya mpira mchangani kunaweza kweli kukusaidia, unapapima ulaini, unapatengeneza. Kuna faida hapo, na kulikuwa na onyo. Mahakamani tunasema kutojua sheria si utetezi. Kutosoma tangazo la ukutani ndiyo kabisa. Nawaambieni hili kwa sababu kanuni za uwanja za kesho zimebandikwa pale ubaoni tangu Jumatatu, na sijaona msongamano.

Haya, swali la pili. Aliambiwa lini? Hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Aprili 2017, Rancho Mirage, California, mashindano ya ANA Inspiration, mojawapo ya yale makubwa matano ya wanawake. Lexi Thompson, binti wa miaka 22, anaongoza Jumapili. Anatoka grini ya 12 anakwenda tii ya 13, pale pa kuanzia shimo linalofuata, yuko mbele kwa mikwaju miwili. Mwamuzi anamsimamisha. Anamwambia: jana, siyo leo, jana Jumamosi, kwenye grini ya 17, ulipoweka alama ya mahali pa mpira, ukauokota na kuurudisha, uliuweka mahali tofauti. Tofauti yenyewe kama sentimita mbili na nusu. Mtazamaji mmoja aliyekuwa nyumbani kwake ametuma barua pepe. Adhabu: mikwaju miwili kwa kupigia mahali pasipo pake. Na mingine miwili kwa kusaini kadi yenye makosa.

Minne. Kutoka mbele kwa miwili hadi nyuma kwa miwili, akiwa anatembea kati ya grini na tii. Akauliza kama ni utani. Akalia mbele ya dunia nzima. Akacheza mashimo yaliyobaki machozi yakimtoka, na la mwisho akalimaliza mkwaju mmoja chini ya kiwango, akalingana na So Yeon Ryu wa Korea Kusini. Kwenye shimo la ziada akashindwa.

Turudi kwenye maswali yangu. Alipata nini? Mpira ulikuwa karibu kabisa na shimo, ule ambao hapa kwetu mwenzako angekwambia "okota tu, nimekuachia." Lakini haya, aliuweka vibaya, kanuni inasema uurudishe palepale, alipe miwili. Hiyo miwili ya kwanza mimi naikubali. Na ile miwili ya pili? Alisaini kadi yenye makosa kwa sababu hakujua kwamba ana adhabu. Angewezaje kuiandika adhabu ambayo hakuna mtu duniani aliyekuwa ameitoa? Jumamosi jioni anasaini, waamuzi wanaipokea kadi, wanashukuru. Jumapili mchana wanamwambia ulisaini uongo. Hilo, ndugu zangu, ni kumwadhibu mtu mara mbili kwa tendo moja, na mara ya pili ni kwa kutokuwa nabii.

Na aliambiwa lini? Siku iliyofuata, katikati ya raundi, mashimo sita yakiwa yamebaki. Mchezo wa gofu unachezwa kwa kujua umesimama wapi. Ukiwa mbele unacheza kwa tahadhari, ukiwa nyuma unathubutu. Ukimfichia mtu msimamo wake wa kweli umembadilishia mchezo wote.

Mwaka mmoja kabla, US Open ya 2016 pale Oakmont, Dustin Johnson tena, maskini, mpira ulisogea kwenye grini ya tano. Mwamuzi aliyekuwa pale akamwambia endelea, hakuna tatizo. Kufika tii ya 12 wakamwambia huenda kuna tatizo, tutaamua ukimaliza. Akacheza mashimo saba bila kujua ana mikwaju mingapi, na wanaomfukuza hawajui wanamfukuza kwa umbali gani. Alishinda hata baada ya kuongezewa mmoja, akiwa mbele kwa mitatu. Kama angepoteza kwa mmoja mngeisikia kelele hiyo mpaka Himo.

Niwe mkweli kwa waandishi wa kanuni, R&A na USGA: wamesikia. Tangu 2017 mpira ukiusogeza kwa bahati mbaya kwenye grini hakuna adhabu, unaurudisha tu. Tangu 2018 hawapokei tena simu wala barua pepe za watazamaji. Kamera inaweza kuona, lakini kama jambo lisingeweza kuonekana kwa macho matupu, halihesabiki. Na yule asiyejua kwamba alikuwa na adhabu haongezewi tena nyingine kwa ajili ya kadi. Yote hayo mazuri. Yote yamekuja baada ya mtu fulani kulia.

Hizo kamera nazo zina upendeleo wake. Nani anapigwa picha? Anayeongoza. Yule wa nafasi ya 60 anaweza kusogeza mpira akaimba na wimbo, hakuna atakayejua. Craig Stadler, San Diego, 1987, alipiga magoti juu ya taulo chini ya mti ili asichafue suruali, akapiga. Kumbe kwa kanuni hiyo ni kujitengenezea mahali pa kusimama. Kesho yake televisheni ikarudia picha, watu wakapiga simu, akaondolewa mashindanoni kwa kadi aliyokwisha kusaini, na zawadi ya zaidi ya dola 37,000 ikaenda. Angekuwa mchezaji asiyejulikana, suruali ingekuwa safi na fedha mfukoni. (Miaka minane baadaye ule mti uliugua, wakamwita yeye aje aukate. Alikuja na msumeno kwa furaha.)

Nije kwenye kadi, maana hapa najua nitabishana na watu hadi usiku. Mashindano makubwa ya Masters ya 1968, kule Augusta, Marekani, Roberto De Vicenzo wa Argentina, siku yake ya kuzaliwa, anatimiza miaka 45. Anacheza raundi ya maisha yake, mikwaju 65. Mwenzake anayemwandikia, Tommy Aaron, anaandika 4 kwenye shimo la 17 badala ya 3. De Vicenzo anasaini bila kuangalia. Kanuni inasema ukisaini alama kubwa kuliko uliyopiga, hiyo ndiyo yako. Ikawa 66. Bob Goalby, ambaye wangelingana, akawa bingwa bila mchezo wa ziada.

Alipata nini De Vicenzo? Alijiibia mwenyewe! Mamilioni waliona kwenye televisheni akipiga 3. Na kanuni hiyo ya kadi ipo hadi leo, na ukisaini ndogo kuliko uliyopiga unaondolewa kabisa. Februari 2024 Jordan Spieth aliondolewa kwenye mashindano ya Genesis Invitational kwa kusaini 3 pale alipopiga 4, huku kila mkwaju wake ukiwa umehesabiwa kwa kompyuta na dunia nzima ikiwa imeuona.

Kwa wale wa kule wanaochezea mbele ya kamera, mimi naona kadi ya karatasi imebaki kama mila tu, na kumfukuza mtu kwa sababu ya mila ni ukali usio na kazi. Lakini kwetu hapa Moshi? Hapa hakuna kamera, hakuna kompyuta, hakuna anayehesabu mikwaju yako isipokuwa wewe na mwenzako. Hapa kadi ndiyo ushahidi wote tulionao. Nikiondoa uzito wa sahihi yako, nimebaki na nini? Kwa hiyo kanuni ileile naiona dhuluma Augusta na naiona haki hapa. Wanafunzi wa sheria wataniambia sheria ni moja kwa wote. Nawajibu: pale ambapo ushahidi ni tofauti, waandishi wa kanuni wanaweza kuruhusu tofauti, kama wanavyoruhusu kanuni za uwanja.

Makedi, sijawasahau. Mwaka 2001, The Open, Royal Lytham. Ian Woosnam anaanza Jumapili akiwa miongoni mwa wanaoongoza. Shimo la kwanza, la umbali mfupi, mpira nusura uingie kwa pigo moja. Anamaliza kwa mikwaju miwili. Anafika tii ya pili, kedi wake anamwambia: bosi, kuna dereva mbili, zile fimbo za kupigia mbali, kwenye begi. Fimbo 15. Kikomo ni 14. Mikwaju miwili papo hapo. Alimaliza nafasi ya tatu pamoja na wengine.

Kwa kanuni, kosa la kedi ni la mchezaji. Hilo ni sawa, begi ni lake. Na Woosnam hakumfukuza siku ile. (Alimfukuza wiki mbili baadaye, kijana alipochelewa kuamka siku ya raundi ya mwisho huko Sweden. Usingizi nao una kanuni zake.)

Lakini nimeona kwa macho yangu, na sitataja uwanja wala mtu, mchezaji anatozwa mkwaju kwa sababu kedi ameukanyaga mpira, halafu jioni anamkata kedi nusu ya posho. Kwanza, kama walikuwa wanautafuta mpira, hapakuwa na adhabu kabisa tangu 2019, unaurudisha unacheza. Alijitoza kwa kutojua kanuni, akamlipisha kijana. Pili, hata kama adhabu ingekuwepo, imeshalipwa kwenye kadi. Mkwaju haugeuzwi shilingi. Kamati imeniruhusu niseme wazi: kesho atakayekata posho ya kedi kwa sababu ya adhabu ya mchezo, tutazungumza naye, naye hatafurahi.

Basi ya kesho ni haya. Mpira ukisogea kwa bahati mbaya kwenye grini, au ukiwa unatafutwa, rudisha, hakuna adhabu. Ukiusogeza mahali pengine, mkwaju mmoja na urudishe. Usipourudisha ni miwili, kama Lowry. Ukiwa na shaka usibishane na mwenzako njiani: sema kabla hujapiga kwamba unacheza mipira miwili na taja upi unataka uhesabiwe, maliza shimo kwa yote miwili, kisha njoo utuambie kabla hujakabidhi kadi. Kabla, siyo baada. Hata kama mipira yote imekupa alama sawa, njoo useme. Nasi kamati tunawaahidi jambo moja ambalo Lexi hakulipata: tukijua una adhabu, tutakuambia papo hapo, hatutangoja kesho yake.

Meza ya kadi itakuwa pale verandani, na kalamu zipo. Haya, maswali. Mzee wangu kwenye meza ile, umenyoosha mkono tangu nilipomtaja Spieth. Anza wewe.